Kimlango cha Hakimu

…na hiyo ndiyo skrubu ya nane, imeingia yote, kichwa chake kimelala sawasawa na mti, na mkoromo haujakatika, sikiliza, unapanda, unashuka, unapanda tena kama mtu anayeburuta kabati kule chumbani, koroma baba watoto, koroma mume wangu, umeoka mikate ya mji mzima usiku kucha na kulala mchana ni haki yako, hakuna aliyekunyima, lakini ulilolisema jana umelisema, na yeye hajalisahau, hapa jikoni alipopiga magoti mbele ya mlango wa uani, bisibisi mkononi, chenga za mbao hadi ndani ya nywele, analikumbuka neno kwa neno: "Huyo paka akiniamsha tena, mara moja tu, jioni anakwenda kuishi ghalani kwa muuza unga, na sitaki mjadala," halafu akaunyoosha mkono wenye jeraha, maana juzi mlango wa tanuri ulimng'ata kwa sababu alikuwa anasinzia wima, na alisinzia wima kwa sababu Hakimu kila asubuhi saa nne kamili, kama aliyemeza saa, huja mlangoni kulia afunguliwe, na dakika kumi baadaye hulia atolewe, na kilio kile si cha paka, ni cha mtu aliyedhulumiwa urithi, na ukikimbia umfungulie ndipo mlango nao unapopokea, bawaba zinalia kuliko paka mwenyewe… saa ya ukutani inasema saa nne kasoro dakika sita. Dakika sita. Ama hiki kimlango cha paka kinafanya kazi ama Hakimu anahama. Na ahame kwa kosa gani? Hajaiba hata mfupa. Kabla yake panya walikuwa mabwana wa chumba cha cherehani, walikula gauni la bibi harusi, si kipande, upande mzima wa kiuno, siku mbili kabla ya shughuli, akalishona upya lote bila kulala wala kumwambia mwenye gauni uongo, alimwita akamwonyesha tundu, maana yeye ndivyo alivyo, ukiharibu sema umeharibu, na tangu Hakimu aje hakuna uzi uliotafunwa, huyo ni mfanyakazi, mfanyakazi hafukuzwi kwa sababu ya kubisha hodi, anapewa mlango wake… "Sindano." Nani? "Sindano, upo humo?" Ni kaka yake. Seremala. Upande wa pili, uani, na hakuna mtu mwingine duniani anayemwita Sindano, alimpa jina hilo utotoni, eti mwembamba halafu anachoma, na leo ana miaka hamsini na nne, hana tena wembamba wowote, kuchoma tu ndiko kumebaki. "Usigonge, kaka!" ananong'ona kupitia kwenye kimlango. "Sijagonga." "Na sauti uishushe, shemeji yako amelala." "Mimi nimeambiwa na yule wa duka la vifaa," sauti inashuka kidogo, kidogo sana, "kwamba dada yangu amenunua kimlango cha paka anakwenda kuutoboa mlango wangu…" Mlango wangu! Sikia. Mlango aliutengeneza yeye, ni kweli, mbao ni nzuri, ni kweli, lakini ulipoingia kwenye fremu ya nyumba hii ukawa mlango wa nyumba hii, na miaka kumi na tisa sasa kila akija anaupapasa kama mtu anayemkagua ng'ombe aliyemwazima jirani, "mlango wangu unaendeleaje," ungeulizia bawaba zako zinaendeleaje, tungekujibu… na yule wa duka la vifaa naye, mdomo kama kopo lililotoboka, alipomuuzia alimuuliza, "Mama, atakuja kuufunga mzee mwenyewe au tukutafutie fundi?" akamjibu, "Fundi unamwona," na yule kijana akageuka nyuma kutazama nani ameingia… "Nimekuja kuangalia umeuua au umeujeruhi," anasema kaka. "Angalia basi. Macho yako, mikono yangu." Anasikia anavyochuchumaa, magoti yake nayo yanalia, ukoo mzima magoti mabovu, na kivuli chake kinaziba kimlango, kile kipande cha plastiki kinachopitisha nuru kinakuwa cheusi, na sasa hamwoni, anamsikia tu anapumua puani, anapumua hivyo akikagua kazi ya mtu, na dada mtu anaikaza tena skrubu ya nane iliyokwisha kukazwa, kwa nini aikaze, yeye ni mtu mzima, ana wajukuu, amewavisha watu nusu ya mtaa huu… mkoromo upo? Upo. Dakika nne. Hakimu yuko wapi? "Paka wako yuko hapa ananitazama," anasema kaka, "ananitazama vibaya." Anatazama watu wote hivyo, ndiyo maana anaitwa Hakimu… halafu sauti ya kidole kikipita kwenye mbao, kshshsh, taratibu, anakijua kidole hicho, ni gumba lisilo na kucha, patasi iliondoka nayo zamani, na hapo ndipo pa kuchekesha kama una moyo wa kucheka, maana alipokuwa msichana wa miaka kumi na mitatu alimfuata karakanani, akamwambia kaka nifundishe, nitafagia, nitabeba maji, nifundishe kukata mbao, na kaka yake, kijana wa miaka ishirini, penseli sikioni, akasema mbele ya wenzake wote, "Wewe utaiangusha patasi mguuni, nenda kajifunze kushona," wenzake wakacheka, na ili dada asilie kaka akachukua kipande cha mti mgumu, akakipiga randa mbele yake, inchi kwa inchi upana na unene, urefu yadi moja, akakichonga alama kwa kisu, alama thelathini na sita, akamwambia, "Shika. Hii ndiyo mbao yako." Mwezi haukuisha, patasi ikala kucha ya nani? Basi. Na yeye kushona hakufundishwa na mtu, alifumua magauni ya mama yake mshono kwa mshono na kuyarudisha kabla mama hajatoka sokoni, na mti ule wa yadi umepima kila kitambaa kilichopita mkononi mwake miaka arobaini na moja… hadi jana. Jana! Ukitaka kujua mtu mjinga anafananaje ungekuwa hapa jana jioni, mume ametoka hivi kwenda kazini, yeye akabandika mlangoni ile karatasi ya ndani ya boksi, mraba wa inchi nane, akaizungusha chaki, safi, halafu mkono wenyewe, bila kumuuliza mwenyewe, ukafanya kile unachofanya kila siku ya Mungu, ukatoka nje ya mstari inchi moja, ukachora mstari wa pili kuzunguka, na huo wa pili ndio aliokata, kwa keekee kwenye pembe na msumeno mdogo kwenye pande, jasho, kucha mbili zimevunjika, tundu likatoka zuri mno, pembe nne zimenyooka, akajisifu kwa sauti, akachukua kimlango akakipachika, kikapita. Chote. Kikaanguka uani, kwa! Akabaki anakitazama kupitia tundu, nacho kinamtazama. Inchi moja kila upande. Nafasi ya mshono! Aliiachia mbao nafasi ya mshono! Mbao haigeuzwi ndani nje, we mama, haipigwi pasi… akalia, si kwa huzuni, kwa hasira, akalipiga teke kopo la vifungo, na hasira yake siku zote humlipisha papo hapo, maana vifungo mia tatu vilitawanyika hadi chini ya jiko na ilibidi aviokote kimoja kimoja, na alipokuwa ameinama hivyo ndipo alipouona mti wa yadi, umeegemea cherehani, upana inchi moja, unene inchi moja, kama unaosema na mimi je. Juu inchi kumi. Chini inchi kumi. Kushoto nane, kulia nane, maana hizo za pembeni zinaingia katikati ya za juu na chini. Kumi na kumi ishirini, nane na nane kumi na sita. Thelathini na sita. Akahesabu kwa vidole, akahesabu kwa vifungo, akahesabu kwa chaki ukutani, thelathini na sita, yadi nzima, kana kwamba mkono ulipokosea ulijua hasa kiasi cha kukosea… "Nani huyu?" Eeh? "Nakuuliza, nani amekufanyia hii kazi? Yule fundi wa kona?" Sauti ya kaka haina mzaha tena. "Huyu mtu amefikiri. Mlango kama huu ukiutoboa tu ukauacha hivyo, mvua mbili, mbao inaanza kupasuka kutoka kwenye tundu, sasa huyu ameuzungushia ukanda wa mti mgumu kwanza ndipo akaweka kimlango, mimi mwenyewe, sikufichi Sindano, mimi mwenyewe nisingekumbuka." Sema tena. Usiseme tena, nimesikia. Mimi mwenyewe nisingekumbuka, maneno matatu, ameyangoja kwa miaka arobaini na moja, na sasa yamekuja kupitia tundu la paka, naye amepiga magoti na chenga kichwani, na hakuna anayejua, hakuna anayejua hata mmoja kwamba ukanda ni kiraka, angenyamaza tu, angesema ndiyo kaka, nilifikiri, mbao lazima izungushiwe, angekwenda nayo kaburini… eti nani, yeye? Yeye aliyemwonyesha bibi harusi tundu la panya? "Ni mimi," ananong'ona. "Wewe nini?" "Kazi ni yangu. Na ukanda si akili, kaka, ni kosa, niliiachia mbao nafasi ya mshono, kimlango kikapita chote kikaanguka uani hapo ulipochuchumaa, ndipo nikaziba kwa mti." Kaka anacheka, si mcheko, ni mlipuko, "Nafasi ya mshono! Kwenye mlango wa…" na dada anatia mkono wote kwenye kimlango hadi begani, anakamata ndevu, anakamata mdomo, anauziba, "Nyamaza!" na mkoromo umekatika. Umekatika. Kitanda kinalia. Mungu wangu. Kwa ajili ya mcheko, si hata kwa ajili ya paka, lakini nani atakubali hesabu hiyo… saa nne kasoro dakika moja… kitanda kinalia tena, mtu anajigeuza, anaguna neno kuhusu hamira, halafu, taratibu, kule mbali, mtu anaanza tena kuburuta kabati. Anautoa mkono. Kaka anapumua. Na kidole kinarudi kwenye mbao, sasa kinakwenda polepole kuliko mwanzo, kinasimama, kinahesabu, moja, mbili, tatu, alama za kisu. "Sindano." "Naam kaka." "Huu mti… si ule?" "Ndio huo." "Umeukata?" "Wote." "Umebaki kiasi gani?" "Haukubaki. Yadi nzima imeingia, ulichokula msumeno nimekirudisha kwa gundi na unga wa mbao." Na sasa ndiyo nafasi yake, ile sentensi aliyoitunza, ameiosha na kuipiga pasi miaka yote hii, ulisema nitaiangusha patasi mguuni, haya tazama, na mdomo umefunguka, na sentensi haipo, ameitafuta, haipo, imekwenda wapi, labda imo humo ndani ya mlango pamoja na mti, imepigiliwa skrubu nane, na anashangaa jinsi kifua kilivyo chepesi, maana ukweli hata kaka asingekuja leo, hata angesema ni takataka, tundu ni lake, kosa ni lake, ukanda ni wake, mkono uliokosea ndio uliotengeneza na haukuomba ruhusa karakanani kwa mtu. "Ungeniita," anasema kaka, kwa sauti ndogo. "Nilikuita zamani," anajibu, na hana hata hasira, ni habari tu. Kidole kinapita tena kwenye alama. Halafu, "Kweli. Uliniita." Saa ya ukutani inatoa ule mlio wake wa kusafisha koo. Saa nne. "Amesimama," ananong'ona kaka, "paka amesimama, anakuja, nimsukume?" "Hakimu hasukumwi! Ondoa uso wako hapo." Nuru inarudi kwenye plastiki, na katikati ya nuru kivuli chenye masikio mawili, na anaona mdomo unavyofunguka kwa ajili ya kilio, usilie, usilie mwanangu, nusa kwanza, na Hakimu ananusa, maana mti ule unanuka mkono wake, unanuka chaki na pamba, ndio mti anaosugulia shavu kila jioni kando ya cherehani, anafunga mdomo, anasugua shavu hili, anasugua shavu lile, halafu paji la uso linasukuma plastiki, na kichwa, na mabega, na kiwiliwili chote kirefu kinamiminika jikoni kama maziwa, na mkia mwisho, na plastiki inarudi nyuma yake, fyu, si zaidi ya hapo, pumzi. Anakaa sakafuni kwenye chenga za mbao. Analamba mguu. Ana sura ya mtu ambaye shauri lake lilikuwa wazi tangu mwanzo. Na mkoromo unapanda, unashuka, na mwanamke amepiga magoti palepale, bisibisi ileile mkononi, meno yote nje, anatikisika kwa mcheko usio na sauti hadi machozi yanashuka puani, angepiga vigelegele mtaa mzima utoke nje, na hawezi, na hata kutoweza huko ni kutamu… "Sindano," inanong'ona sauti kule uani, "nifungulie basi nami niingie, magoti yananiua." "Nikufungulie, kaka?" "Nifungulie." "Haiwezekani, kaka yangu, utamwamsha mtu, mlango wako unapiga kelele," anasema, na kwa kidole kimoja anakisukuma kile cha plastiki, kinakwenda, kinarudi, fyu, "zunguka mbele, au pita kwenye wangu."