Mguu wa Nne

Mafundi walimwita Mama Polepole, na msidhani jina hilo lilikuwa la kumsifu. Mwendesha kreni mwingine huweka mashine yake tayari kwa nusu saa. Yeye alichukua saa mbili, na ukimharakisha zinakuwa tatu. Kwanza angezunguka uwanja mzima kwa miguu, mikono nyuma, hasemi na mtu. Kisha angeuliza maswali ya kuwachosha watu: mabomba yamepita wapi, nyaya za umeme ziko umbali gani, mzigo umepimwa kwa mizani au mmekisia tu? Mwisho angeshika mtaimbo, aende pale ambapo kila mguu wa kreni utashuka, agonge ardhi mara tatu, kisha ainamishe kichwa na kusikiliza.

Kugonga huko alirithi kwa baba yake, aliyeendesha kreni miaka arobaini na kufariki mwaka uliopita. Alipokuwa msichana aliwahi kumuuliza, "Baba, unasubiri nini?" Mzee akamjibu, "Nasubiri kama itajibu." Binti akacheka. Mzee hakucheka.

Walikuwa na desturi nyingine ya ukoo. Anayeelekeza mzigo kutoka chini, akishasimama mahali pake, hugonga chuma cha mguu wa kreni mara tatu. Maana yake: nipo, endelea. Desturi hiyo baba aliianzisha ujanani na mwenzake mmoja aliyeitwa Mluzi, mtu wa maskhara, mdomo hauachi kupiga mluzi hata akiwa amebeba saruji. Mluzi aliondoka siku moja bila kuaga, akaacha mke mwenye mimba. Watu walisema ametoroka. Baba hakusema lolote, lakini kila mwezi, mpaka nguvu zilipomwishia, alimpelekea yule mke gunia la unga mlangoni. Majirani walisengenya wakachoka.

Sasa wa kugonga chuma alikuwa mdogo wake Mama Polepole, mwanamume mwenye mke na mapacha, aliyeitwa Kidole kwa sababu aliweza kupeleka tani nne popote kwa kidole kimoja. Walifanya kazi pamoja miaka tisa bila mtu kukwaruzwa hata ukucha.

Kazi ya asubuhi hiyo ilikuwa nyuma ya ghala la zamani lililokuwa linaongezwa ghorofa. Boriti sita za zege, kila moja tani nne, zilitakiwa kupandishwa juu kabla ya saa sita. Mama Polepole hakuwa amewahi kufika hapo. Baba yake hakuipenda barabara ile. Hata wakiwa na haraka angezunguka mitaa miwili kuikwepa, na ukimuuliza sababu anawasha redio.

Uwanja wenyewe ulikuwa mkavu, umeshindiliwa vizuri, pembeni kuna rundo la matofali na pipa la maji. Pa kusimamisha kreni palikuwa mahali pamoja tu, kati ya ukuta wa ghala na ukuta wa jirani. Aliitoa miguu mitatu na kuipanga juu ya mataruma, yale magogo mazito ya reli yanayowekwa chini ya mguu ili uzito utawanyike. Kabla ya kila mguu aligonga, na kila mara ardhi ilitoa mlio mfupi, mnene, mlio wa ardhi iliyoshiba.

Akaenda kwenye mguu wa nne, ule wa upande wa ghala. Akagonga. Moja, mbili, tatu.

Akainamisha kichwa, na kutoka chini pakasikika: moja, mbili, tatu.

"Kidole, acha mchezo," alisema bila kugeuka. "Bado sijamaliza."

"Nini, dada?"

Sauti ilitoka mbali. Aligeuka. Kidole alikuwa kwenye lango, hatua hamsini kutoka pale, anafunga mnyororo kwenye boriti ya kwanza, mikono yote miwili imejaa. Hapakuwa na mtu mwingine uwanjani. Nywele zilimsisimka mpaka chini ya helmeti.

Akagonga tena, safari hii taratibu. Jibu likaja taratibu vilevile. Halikuwa mwangwi, maana mwangwi haungoji. Huyu alingoja, kama mtu anayehesabu, ndipo akajibu.

Msimamizi wa ujenzi alimkuta amepiga magoti, kiganja kimewekwa chini. Alikuwa mtu wa kutembea na ramani chini ya kwapa hata anapokwenda chooni.

"Mama Polepole, leo unaisomea dua au unaipima?"

"Hapa chini pana uwazi."

"Uwazi gani? Malori yanapita hapa miaka thelathini." Akaitandua ramani. "Ona. Hakuna bomba, hakuna shimo, hakuna kitu."

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

Angesema nini, ardhi imenijibu? Wangemcheka mpaka mwaka uishe, na kreni angepewa mwingine, mmoja wa wale wa nusu saa. Naye Kidole angesimama chini ya mzigo wa mtu huyo. Boriti zile zilipaswa kupita juu ya upande wa ghala, na mwelekezaji hakuwa na pa kusimama isipokuwa kando ya mguu wa nne. Mguu ukizama, kreni italala upande huo, na chini yake yupo mdogo wake, baba wa mapacha.

"Nipe mashine ya kijiko tuchimbe tuone," alisema.

"Kijiko kipo kazi nyingine mpaka alasiri. Ongeza magogo, twende kazi."

Na hapa, jamani, Mama Polepole alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikubali. Alikubali nusu, akijidanganya kwamba anajaribu tu. Alipanga mataruma safu mbili, moja ikikatana juu ya nyingine, yote yana alama ya baba: duara la rangi ya buluu lenye mstari katikati, alilopaka kwenye ncha ya kila gogo lake ili lisiibwe. Kisha akapanda kwenye kiti cha kreni na kuushusha mguu pole kuliko siku zote. Kreni ilikuwa haijabeba kitu. Kiputo cha pimamaji kilikaa katikati, kimetulia: kreni imekaa sawa.

Kidole akaja, akasimama mahali pake, akamwinulia uso na kutabasamu. Akagonga chuma kwa spana. Moja, mbili, tatu. Nipo, endelea.

Mkono wake ulikuwa umeshashuka, spana imerudi mfukoni, wakati mguu wa kreni ulipotetemeka tena kutoka chini kwenda juu, mpaka kwenye kiti alichokalia dada yake. Moja. Mbili. Tatu.

Tabasamu la Kidole liliondoka. Alitazama spana mfukoni, kisha akatazama miguu yake. Kwenye pimamaji, kiputo kilianza kutambaa kuelekea ukingoni, na hakuna aliyegusa kitu.

"Toka hapo!" Mama Polepole alipiga kelele kwa sauti ambayo hakujua anayo. "Kidole, toka! Toka!"

Kidole hakuuliza. Aliruka upande wa pipa, na dada yake akauvuta mguu juu mpaka mota ikalia. Mataruma yaliinama, yakaegemeana, na ardhi ikashuka kimya kimya, kipande cha ukubwa wa kitanda. Vumbi lilipotulia walikuwa wanatazama shimo. Msimamizi aliiachia ramani ikaanguka.

Kijiko hakikungoja alasiri tena. Kililetwa mbio mbio. Kilipoondoa udongo wa juu, fundi wake alisimamisha mashine na kuita, maana chini ya udongo kulikuwa na magogo yaliyopangwa vizuri, bega kwa bega, na mawili yamevunjika. Kidole alishuka kwa ngazi, akayapangusa ncha kwa mkono.

Duara la buluu lenye mstari katikati.

"Dada, haya ni yetu," alisema. "Yameanguka sasa hivi?"

"Yetu yale pale," alimwonyesha. Yalikuwa yamelala ukingoni, yote manane. Haya ya chini yalikuwa meusi kwa uzee.

Waliyatoa moja moja kwa kijiko. Chini yake palikuwa na tangi la maji la zamani, limejengwa kwa mawe, kina chake urefu wa mtu na nusu, kavu kabisa. Kwenye kona palikuwa na mifupa ya mtu aliyeketi, mguu mmoja umevunjika chini ya goti. Helmeti ilikuwa kichwani bado. Mtaimbo ulilala mapajani.

Mama Polepole alimjua bila kuambiwa. Alisimama pale jua linamchoma, akaona yote kana kwamba yako mbele yake: kijana mwenye haraka anashusha mguu wa kreni bila kupima ardhi, paa la tangi linapasuka, mwenzake anatumbukia na kunyamaza. Kijana anaita, haitikiwi. Anadhani amekwisha kufa. Anaogopa. Magogo yapo, udongo upo.

"Labda baba hakujua," Kidole alisema, machozi yanamtiririka. "Labda Mluzi alikufa palepale, dada. Baba asingeweza kumfukia mtu mzima."

Alikuwa bado anasema hivyo mafundi walipoligeuza gogo la kwanza ili walilaze chini vizuri. Upande wake wa ndani ulikuwa umejaa vidonda vya ncha ya chuma. Vilikuwa vitatu vitatu, nafasi, vitatu, nafasi, kutoka ncha hadi ncha. Waligeuza la pili. Nalo vilevile.

"Dada," Kidole aliuliza polepole, "unadhani baba alimsikia?"

Mama Polepole alikuwa amekumbuka hospitali, siku ya mwisho ya mzee, alipokuwa hawezi tena kusema. Mzee alinyoosha mkono mkavu, akagonga chuma cha kitanda mara tatu, akainamisha kichwa. Naye binti yake, aliyekuwa ameinama kuokota kanga iliyoanguka, akagonga mara tatu kutoka chini ya kitanda, kwa mapenzi tu, ili mzee ajue kwamba hayuko peke yake.

Baba yake alilia mpaka roho ikatoka. Siku zote binti alikuwa akiwaambia watu kwamba mzee alikufa analia kwa furaha.