Mwenye Chama Ndiye Aulize

Chumba cha ushonaji kilikuwa na vyerehani viwili vilivyotazamana, na kila kimoja kilikuwa na chama chake cha siasa. Mama Pindo, aliyepewa jina hilo kwa sababu pindo zake hazikuwahi kufumuka, alikuwa mtu wa chama cha Ngazi. Shoga yake Chiriku, ambaye ulimi wake ulikwenda kasi kuliko sindano, alikuwa wa chama cha Kinu, kufa na kupona.

"Ngazi yenu hupandisha wachache," Chiriku alikuwa akimchokoza. "Sisi wengine kazi yetu kuishikilia chini."

"Na kinu chenu kazi yake kutwangia maji," Mama Pindo alimjibu bila kuinua macho.

Walicheka, wakaazimana uzi, wakaendelea. Mara moja tu waliwahi kununiana kweli, wakati rais alipokuwa wa Kinu na kisima cha mtaa kikakauka. Kila Mama Pindo aliponung'unika, Chiriku alisikia kijembe, akamtetea rais wake kama mtoto wa kumzaa. Mpaka siku aliyobeba ndoo mwenyewe kutoka mtaa wa mbali. Aliitua mlangoni, akahema, akasema:

"Shoga, ukisema wewe wataita wivu. Nikisema mimi wataniitaje? Tangu leo, mwenye chama ndiye aulize."

Akaenda kwenye tawi la chama chake, akawapigia kelele mpaka kisima kikachimbwa upya. Hilo likawa sharti la chumba kile.

Uchaguzi uliofuata Ngazi ilishinda. Rais mpya alikuwa ameahidi daraja kwenye kijito kinachotenga mtaa na zahanati. Daraja halikuonekana. Chiriku alipomtazama kwa jicho la pembeni, Mama Pindo alisema, "Tumpe muda, shoga. Ndio kwanza ameingia."

Mvua zilipochachamaa, Chiriku alishikwa na kifua. Kijito kilikuwa kimefurika, ikabidi wanaume wambebe kwenye kiti kwa njia ya kuzunguka. Mama Pindo alitembea ubavuni akimfunika kwa kitenge. Chiriku, pumzi zikimkatika, alimtazama na kutabasamu. "Usiniangalie mimi," alisema. "Rais ni wenu huyo."

Walimfikisha akiwa hai. Adhuhuri haikumkuta. Mganga wa zahanati alisema moyo wake ulikuwa umechoka tangu zamani, huenda asingepona hata kwa njia fupi. Mama Pindo aliyasikia maneno hayo, lakini hayakumtuliza. Sasa hakuwa na mtu wa kumwambia "tumpe muda".

Haukupita muda mrefu, habari zikaja kwamba rais atahutubia kwenye uwanja wa shule na kusikiliza wananchi. Mwenyekiti wa tawi la Ngazi akaingia kwenye chumba cha ushonaji, jasho likimtoka.

"Mama Pindo, wewe ni wetu wa damu. Utasimama wa kwanza. Umeme, asante. Madarasa, asante. Unakaa."

"Na daraja?"

"Daraja waachie Kinu, ndio mtaji wao. Sisi tukimvua nguo rais wetu hadharani, watu watatuonaje?"

"Watatuona tumelowa mpaka magotini, mwenyekiti. Kama tulivyo."

"Usinitanie, mama. Ukilitaja daraja, kadi ya chama utairudisha."

Kadi ile alikatiwa na marehemu baba yake, akiwa bado msichana. Siku ya mkutano aliiweka kifuani, akavaa gauni la rangi ya Ngazi alilolishona mwenyewe, akaenda.

Alipopewa kipaza sauti, alikishika kwa mikono miwili. Alishukuru kwa umeme. Alishukuru kwa madarasa. Mwenyekiti akaanza kupiga makofi kumkalisha, lakini hakukaa.

"Mheshimiwa, daraja letu liko wapi?"

Rais alicheka kidogo. "Mama, gauni ni letu, swali mbona la wapinzani?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Pindo alisubiri kiishe.

"Swali ni la mguu, Mheshimiwa. Maji yakijaa hayamuulizi mtu kadi. Angeuliza mtu wa Kinu, ungesema ana wivu. Mimi nilikupigia kura, na shoga yangu tumemzika. Mimi utasema nina nini?"

Makofi yalianzia kwa watu wa Kinu waliosimama nje ya uzio, kisha akina mama wa Ngazi, safu kwa safu, wakayapokea. Rais alifuta uso. Akamwita mhandisi wa wilaya mbele ya watu wote, akamwuliza maswali ambayo mhandisi aliyajibu huku akitazama viatu vyake.

"Kazi ianze kabla ya mvua zijazo," rais alisema mwishowe. "Nikishindwa, mama huyu aniulize tena."

"Nitauliza," alisema Mama Pindo, ingawa kipaza sauti kilikuwa kimeshachukuliwa.

Daraja halijakamilika. Lakini wapimaji wamekuja, mawe yamemwagwa kando ya kijito, na mafundi wanaonekana wakichimba msingi. Kadi hakuna aliyekuja kuidai.

Mwenyekiti alimkwepa kwa wiki kadhaa. Kisha asubuhi moja akaja na suruali iliyochanika, akazungukazunguka mlangoni kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mama, kuna jambo. Pale zahanati dawa za watoto haziji. Mke wangu amerudi mikono mitupu tena, na mtoto anachemka. Nikaona ulifikishe na hilo. Wewe sauti yako inasikika."

"Kwani wewe kura yako ulimpa nani?"

"Mama, jamani! Mimi mwenyekiti mzima wa tawi, watanionaje?"

"Watakuona baba mwenye mtoto mgonjwa."

Mwenyekiti alikuna kichwa, akatazama barabara inayokwenda ofisi ya wilaya.

"Sasa hivi watakuwa wamefungua?"

"Wamefungua," alisema Mama Pindo, akiivuta suruali mezani. "Nenda. Ukirudi utaikuta tayari."