Bolti Iliyongoja Radhi

Saa mbili asubuhi, uani kwake Nguvumali, Mwatima alikuwa chali chini ya gari lake, akigombana na bolti ya mkono wa gurudumu la kushoto. Kichwa kilikatika alipokuwa akiifungua, kipande kikabaki ndani na kutu yake. Alishainywesha mafuta ya taa, akaitwanga nyundo, haikutikisika. Na leo ilikuwa arobaini ya mjukuu wake wa kwanza, huko Ushongo. Mtoto hatolewi nje mpaka bibi amshike, na walishapiga simu mara tatu.

Kaka yake, Ahmada, alifika na kanzu ya safari, bolti mpya mfukoni. Kwao mtu hapandi gari kwenda mbali kabla ya kutaka radhi, naye hakutaka kupoteza muda.

"Mdogo wangu, niwie radhi. Redio yako niliivunja mimi, si paka."

"Nimekuwia radhi," Mwatima akajibu toka chini.

Bolti ikazunguka yenyewe mara moja, ikachomoza.

Kristina wa nyumba ya pili aliacha kufua, akasogea na povu mikononi. "Kaka Ahmada, usinyamaze! Ongeza!"

Ahmada akaongeza: mbuzi wa sikukuu ya Idi aliyemuuza akadai amekufa, barua ya kumposa Mwatima aliyoichana kwa kuwa muoaji alikuwa na gari zuri kuliko lake. Mwatima alimwia radhi zote, na kila kweli ilikuwa mzunguko mmoja. Hakuna aliyeshangaa, kila kutu ina dawa yake. Ila furaha haikuwa na kifani. Kristina alipiga vigelegele, na moyo wa Mwatima ulimdunda kama wa msichana: leo atamshika mjukuu!

Ikabaki upana wa ukucha. Ahmada akataja maembe aliyoiba utotoni. Bolti haikusogea.

"Kaka, wananingoja."

Ahmada akachuchumaa, akazungumza na tairi. "Kiwanja cha Pongwe alichokuachia baba. Nilikwambia kimechukuliwa na barabara; uongo. Nilikiuza mimi."

Bolti ikamdondokea Mwatima kifuani, ya moto.

"Kina nini sasa?"

"Ghorofa ya watu."

Mwatima akanyoosha mkono, akapewa bolti mpya, akaikaza mpaka spana ikagoma. Akaoga, akavaa, akawasha gari.

"Hujaniwia radhi," Ahmada alisema mlangoni.

"Bolti ilitaka kusikia tu, kaka. Mimi nataka kiwanja changu. Panda, mtoto anangoja."

Alasiri, Ushongo, Mwatima alimtoa mjukuu nje, akilia kwa furaha na kwa hasira. Ahmada aliwashikia mwavuli. Pongwe, kwenye ghorofa, watu walikuwa wanaanua nguo zao, hawana habari.