Mtu na Mbwa Ndani ya Kioo

Mama yule hakubisha hodi. Alisukuma mlango, akasimama katikati ya ofisi yetu ndogo ya Kabalagala akihema kwa sababu ya ngazi, akauliza, "Nani hapa alichora kile kioo cha Kalerwe?"

Sikuwa nimemwona hata siku moja. Alikuwa amejifunga gurbaba ya zambarau, vazi la wanawake wa Kinubi, na viatu vyake vilikuwa na matope. Bosi wangu Erinayo alikuwa ametoka.

"Ni mimi, mama," nikasema, tena kwa fahari, nikidhani amekuja kunisifu. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo: jengo la maduka lililofunikwa vioo kutoka chini hadi juu, ambalo bado halijajengwa. Nililijenga kwenye kompyuta. Kila kioo nilikipa unene wake, nikakitia ule ukijani unaoonekana ukingoni, nikapanga jinsi mwanga unavyopinda ukipita ndani yake. Watu walioona picha yake kwenye bango lililotundikwa kiwanjani Kalerwe walidhani imepigwa kwa kamera.

"Basi niambie, yule mzungu na mbwa wake ni nani?"

"Mzungu gani?"

"Usinifanye mjinga, binti. Yuko ndani ya kioo chako, karibu na mlango. Anatembeza mbwa pale pale ninapouzia vitunguu."

Nikafungua picha, nikaikuza. Kweli alikuwepo. Nyuma yake kulikuwa na benchi, nyasi zilizokatwa vizuri, na miti yenye ncha.

Nikajaribu kumweleza. Kioo hakina sura yake. Kinaonyesha kilicho mbele yake. Kwenye kompyuta mbele yake hakuna kitu, kwa hiyo jengo tunalizungushia picha ya mahali fulani iliyopigwa pande zote, ili kioo kipate cha kuonyesha. Yangu niliipata bure mtandaoni. Bustani ya nchi fulani ya baridi. Wengi wa kazi hii huitumia.

"Kwa hiyo mbele ya jengo hilo ni Ulaya."

"Mama, ni picha tu."

"Picha tu." Akavuta kiti bila kukaribishwa, lakini hakukaa. "Mimi naitwa Kulusum. Nimeuza mbele ya kiwanja kile tangu sijaolewa. Ijumaa wakubwa wa mji wanakuja kuamua kama sisi wa kando ya barabara tubaki au tuondoke. Watasimama chini ya bango lenu. Wataona bustani na mbwa. Halafu watageuka watuone sisi, waseme, hawa nao wametoka wapi?"

Nilikasirika. Nikamwambia sijamfukuza mtu, mimi nilitumwa kioo nikatengeneza kioo, aende akamuulize mwenye kiwanja.

"Mwenye kiwanja simjui. Jina lililoandikwa chini ya bango ni la ofisi yenu."

Baba yangu ni polisi. Nimekulia kambini, na maneno "mimi nilitumwa tu" nimeyasikia sana, nikaapa nisiyatumie. Sasa yalikuwa yametoka kinywani mwangu.

"Nitawaweka," nikasema. "Nitakuja kupiga picha ya mahali penyewe, na kabla ya Ijumaa nitakuletea kioo uone kama mmo."

"Nyinyi kwa kuahidi," akasema, akashuka ngazi.

Kesho yake nikaenda Kalerwe, nikayapa mgongo mabati ya uzio yenye bango, nikapiga picha kila upande: miamvuli iliyopauka, mafungu ya nyanya, boda boda zilizopakia matoke, matope. Niliporudi nikaondoa bustani, nikaweka Kalerwe. Kioo kikabadilika. Mwanzo kilikuwa kizuri tu. Sasa nilitamani kukifuta vumbi.

"Ondoa hiyo," akasema Erinayo nyuma yangu.

"Bosi, lakini ndivyo kitakavyoonekana."

"Mteja anaipenda ile ya kwanza. Alisema wazi, vibanda visionekane. Unadhani bustani yako ilipitaje?"

"Ulijua?"

"Akot, sote tulijua. Wewe tu ulikuwa unahangaika na ukijani wa ukingoni."

Nilihisi uso unawaka. Chuoni nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba kazi hii itawasaidia watu kuuona mji wao kabla haujajengwa, waukubali au waukatae. Walinicheka. Bado naamini hivyo. Na Erinayo alikuwa ameichukua imani hiyo, pamoja na ufundi wangu wote, akaitumia kama pazia.

"Nimeahidi mtu," nikasema.

"Nani?"

"Mama anayeuza vitunguu."

Akacheka. "Basi nenda ukauze naye. Picha hiyo ikitoka mlango huu, wewe usirudi."

Nikachomoa flashi yenye ile picha, nikaweka ufunguo wa ofisi juu ya meza yake. Flashi ikaniponyoka, ikabidi niinamie miguuni pake kuiokota. Hilo nalo likaniongezea hasira.

Nasser Road, mtaa wa wachapaji, wakanichapishia kwenye karatasi kubwa. Alhamisi jioni nilikuwa Kalerwe.

Kulusum aliishika picha mbali na macho, kisha karibu. "Mbona maandishi ya mwamvuli wangu yamegeuka?"

"Kioo hugeuza, mama."

"Na mimi?"

Nikamwonyesha gurbaba ya zambarau kando ya mlango, pale alipokuwa yule mzungu.

"Umeninenepesha."

"Ni kioo."

"Ni wewe." Akamwita jirani yake wa nyanya. "Shamirah, njoo ujione. Umeinama kama mwizi wa kuku."

Hakusema asante. Alitafuta kamba, akaifunga picha kwenye mti wa mwamvuli, ikitazamana na bango la upande wa pili lenye yule mtu na mbwa wake.

"Kesho wakigeuka watakutana nayo," akasema. "Wakitaka watufukuze. Lakini wasiseme hawakutuona." Kisha akanigeukia. "Wamekuruhusu?"

"Hapana."

"Na kazi?"

"Imekwisha."

Akanitazama kwa zile hasira alizoingia nazo ofisini, ingawa sasa sikujua kama zilinilenga mimi. Akasukuma gunia la vitunguu kando kwa mguu.

"Kaa hapa," akasema. "Pale unanizibia wateja."