Beseni la Pumba

Miezi minne Candida alikuwa ameshinda na pumba za mpunga. Alizikausha, akazichekecha, akachoma kidogo apime majivu, akaandika daftarini ni unyevu kiasi gani ukibaki plastiki hutoka na mapovu. Yote hayo ili taka za mashine za kukoboa zijazie plastiki ya mabeseni. Mama Shobhana, mwenye kiwanda na duka la jumla pale Mchafukoge, alimwambia wazi kwamba mabeseni ya kwanza yakikataliwa, kazi yake imekwisha.

Tarsis, mkuu wa zamu, aliuona huo wote upuuzi. Bwana mkubwa huyo hupima kila kitu kwa jicho, ingawa jicho lenyewe halijawahi kuona vifungo vya shati lake vinavyoomba msaada. Candida alipokwenda Machame kumzika shangazi yake, Tarsis alizimwaga pumba mashineni moja kwa moja kutoka kwenye gunia, na unyevu wake wote.

Siku Candida aliporudi, mabeseni yalikuwa yamejaa dukani.

"Siku mbili tu, bila daftari!" Tarsis alijigamba.

"Sasa Candida, miezi minne ulikuwa unafanya nini?" Mama Shobhana aliuliza.

Candida alilichukua moja, akalinusa. Harufu ya kuungua. Chini ya rangi aliona mapovu, akapandwa na hasira.

"Mama, pumba hizi hazikukaushwa. Mabeseni haya hayatabeba uzito."

Tarsis alicheka, huyo fundi wa kucheka. Lakini Mwinyimvua, mchuuzi wa Kariakoo aliyekuja kuchukua mzigo, hakucheka. Kwao beseni haliuzwi kwa maneno. Muuzaji hulifudikiza, akasimama juu yake.

"Pandeni basi, tuone," alisema.

Candida alitoa kabatini beseni lake la majaribio, akalifudikiza, akapanda, akarukaruka. Lilinyamaza kimya.

"Zamu yako, Tarsis," Mama Shobhana alisema. "Likikubeba, unaendelea na jicho lako. Lisipokubeba, pumba zote ziko chini ya Candida."

Tarsis alilifudikiza la kwake. Akainua mguu, akaurudisha chini.

"Kwani... hili linabeba kilo ngapi?"

Candida alimtazama kuanzia viatuni hadi kwenye kitambi, bila haraka.

"Pima kwa jicho, kaka."