Mzigo Husomwa Kwanza

Mwanvua hakubeba mzigo wa mtu kabla ya kuusoma. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kazi yake, na walioichukia walikuwa wengi kuliko walioipenda. Ukimwita akuhamishe, anakuja na kirikuu yake ya bluu, kigari kidogo cha mizigo, na wapagazi wake wawili, Ngosha na Chenge, na kabla mtu hajagusa hata stuli anasimama mlangoni, mikono kiunoni, anaanza kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya tatu: "Kabati la nguo, bawaba ya chini haipo. Naam?" Nawe mwenye kabati ujibu naam. "Kochi la watu wawili, limechanika mgongoni, limefunikwa kitambaa. Naam?" Majirani nao hawakosi. Kuhama kwa mtu ni sinema ya bure, na sinema yenye msomaji ni tamu zaidi. Wakampachika jina: Mwanvua Kasoro.

Jina hilo hakulikataa, maana alijua lilikotoka. Mwaka wake wa kwanza, angali na mkokoteni, mama mmoja alimng'ang'ania kwamba Ngosha amempasulia televisheni. Ngosha aliapa hadi kwa babu yake kwamba aliibeba ikiwa na ufa. Nani amsikilize mpagazi? Mwanvua akauza cherehani aliyoachiwa na marehemu mama yake, akalipa. Wiki mbili baadaye akasikia kwamba televisheni ile ilipigwa kiatu siku ya ugomvi wa mume na mke, mwezi mzima kabla ya kuhama. Alilia sana. Kisha akaacha kulia, akaanza kusoma. Watu walimshauri apige picha kwa simu. Akapiga, na mteja mmoja akamtazama usoni akamwambia kochi la pichani si lake. Picha haijibu naam.

Amewasomea wenye maduka, amemsomea shemeji yake, amemsomea hata imamu wa mtaa wao, na imamu akajibu naam zote kumi na saba. Aliyemshinda alikuwa mmoja tu, Mwalimu Longino.

Mwalimu Longino alikuwa mkuu wa shule ya msingi aliyosoma Mwanvua, enzi ambazo kivuli chake kikipita dirishani darasa zima linanyamaza. Sasa amestaafu, anahama nyumba ya kupanga Nyakato kwenda kwenye nyumba yake mwenyewe Mkolani. Jumamosi hiyo asubuhi Mwanvua alikunja goti, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba binti yangu, kisha akasimama mlangoni na kufungua kinywa. Mwalimu akainua kidole.

"Binti, mimi ndiye niliyekufundisha kusoma," alisema. "Leo unanisomea kasoro zangu mbele ya watu?"

Mwanvua akafunga kinywa. Kosa ndilo hilo, na kosa lenyewe ni letu sote: mtu mzima akishakuita binti yangu, unaona haya kumdai naam. Hata alipoomba friji liwashwe kwanza, kama anavyofanya kwa kila friji, Mwalimu alimwambia limekwisha kufungwa kamba. Na kweli lilikuwa limezungushiwa kamba ya katani mara nne. Ngosha alipoliinua aliguna, akasema kwa Kiswahili chake cha Bujora, "Dada, hili fliji lina mzigo ndani." Mwanvua akamwambia abebe tu, asimwaibishe.

Walifika Mkolani saa nane mchana. Nyumba ya Mwalimu ilikuwa bado haijapigwa lipu upande wa nyuma, lakini mbele ilipakwa rangi ikang'aa, na majirani wapya walikwisha kujipanga kwenye vibaraza vyao kumtazama mstaafu akiingia. Vitu vikashushwa vyote, vikasimama mbele ya nyumba. Mwalimu akavuta waya wa umeme kutoka dirishani, akachomeka friji pale pale nje, kamba zikiwa bado zimelikaba, akaliinamia akategesha sikio. Kimya. Akainuka.

"Mmeliua," akasema.

Hakungoja jibu. Alikwenda kwenye kirikuu, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa shati. Alieleza taratibu, kwa sauti ya paredi ya shule ili na majirani wafaidi, kwamba gari halitoki hapo mpaka friji jipya lisimame mahali pa lile lililouawa.

Kirikuu ile ndiyo iliyokuwa kazi yote. Kesho yake kulikuwa na nesi wa kuhamishwa, Jumatatu mwenye saluni, na nyumba za Ngosha na Chenge zilikuwa zinakula humo humo. Tena si hilo tu. Akikubali leo kwamba ameua friji, habari itamtangulia kila mtaa, na kila mwenye redio bubu atajua pa kuipeleka. Mwanvua alijaribu upole kwanza. Alisema friji lilisafiri limesimama, halikugongwa, na friji likitoka safarini huachwa litulie kwanza kabla ya kuchomekwa, wala halihukumiwi kwa dakika moja. Mwalimu akamjibu kwamba aende basi kwa mwenyekiti wa mtaa, waone atakayeaminiwa, mwalimu wa miaka thelathini na minane au mwanamke wa kirikuu.

Neno hilo lilimwingia. Mwanvua alihisi mori unampanda kutoka kwenye nyayo. Kumbe heshima aliyompa asubuhi ndiyo aliyoichonga Mwalimu ikawa fimbo ya kumchapia mchana! Tangu darasa la tatu alikuwa akikiogopa kidole kile, na ghafla akaona ni kidole tu, chenye kucha kama kidole chochote. Akapiga moyo konde.

"Sawa, Mwalimu," akasema. "Asubuhi ulinizuia. Nasoma sasa."

Akaanzia kwenye meza ya chakula. Mguu mmoja umeungwa kwa misumari mitatu, na misumari ina kutu; je, kutu hiyo imeota njiani kati ya Nyakato na hapa? Akangoja naam. Mwalimu alitazama juu, kwenye bati la nyumba. Mwanvua akahamia kwenye viti: vitano vizima, cha sita kimefungwa mpira wa baiskeli. Saa ya ukutani haina mshale wa dakika. Godoro lina shimo la pasi katikati, na kitambaa kilichoshonewa hapo kimeshapauka. Kila kitu alikiinua au kukigeuza, kila mtu aone, na kila mara alingoja. Kwenye godoro, mama mmoja wa kibaraza cha jirani akachoka kungoja, akajibu yeye: "Naam!" Wengine wakacheka, na kuanzia hapo baraza nzima ikawa inaitikia.

Alipofika kwenye friji akaanza kufungua kamba.

"Usiliguse hilo," Mwalimu alisema, na kwa mara ya kwanza sauti haikuwa ya paredi.

"Kama nimeliua, Mwalimu, niache niione maiti."

Kamba ikaanguka, mlango ukafunguka, na kabla jicho halijaona kitu pua zilikwisha kujua. Dagaa. Dagaa wakavu, makopo matatu yaliyojaa, na chini yake kiroba cha maharage. Rafu ya katikati ilikuwa ya madaftari na viatu vya kanisani vya mkewe vilivyofungwa kwenye mfuko. Pale pa kupangia mayai pamepangwa mishumaa na vidonge vya uzi. Mende mmoja akatoka bila haraka, akateremka ukingoni, akaenda zake.

Safari hii hakucheka mtu. Hakuna pale aliyehitaji kuelezwa. Friji lililokufa likageuzwa kabati si jambo geni; lipo kwa wengi, likiwa limefutwa vumbi na kutandikwa kitambaa juu, na mgeni akiomba maji ya baridi anaambiwa umeme umekatika. Kwake Mwanvua lipo, linatunza unga. Akamtazama Mwalimu na kuona jinsi shingo ilivyokonda ndani ya kola, na jinsi asivyojua pa kuiweka mikono. Alimhurumia, alimhurumia kwelikweli, na huruma ile ikaja mbio kutaka kumfunga kinywa mara ya pili. Akaikatalia.

"Friji, mlango mmoja," alisoma. "Limekufa siku nyingi, linatunza dagaa. Naam?"

Majirani hawakuitikia hiyo. Walimwachia mwenyewe.

Mkewe, Mama Kokuberwa, alikuwa ametokea mlangoni na ufagio mkononi, na haikujulikana amesimama hapo tangu lini. Aliuegemeza ufagio ukutani.

"Mjibu mtoto wa watu, Baba Kokuberwa," alisema. "Lilizima Pasaka ya mwaka juzi. Hata mimi nimechoka kulisifia kwa wageni."

Mwalimu alitia mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akaunyoosha bila kumtazama Mwanvua. Ngosha alikwisha kupiga hatua kuelekea kwenye gari. Lakini Mwanvua hakunyoosha mkono.

"Ufunguo ni wangu, Mwalimu, nitauchukua tu," alisema. "Nangoja naam."

Pikipiki ilipita barabarani, vumbi likainuka, likatua juu ya meza, juu ya viti, juu ya kichwa cha Mwalimu, naye hakujipangusa. Aliwatazama majirani zake wapya mmoja mmoja, akamtazama mkewe, kisha akaligeukia friji lililoachama.

"Naam," akasema.

Mwanvua akakunja goti na kupokea ufunguo kwa mikono miwili, kama mtu apokeavyo kitu kwa mkubwa wake. Akawaambia Ngosha na Chenge bado wana kazi, vitu viingie ndani, waanze na hiki kizito. Kisha akamgeukia Mama Kokuberwa, akamwuliza kabati lake liwekwe chumba gani.