Mifupa ya Meja

Kila asubuhi, kabla lami ya Nakasero haijashika moto, Kulthum alimtoa mtoto wa mbwa wa Kapteni akamtembeza kwenye majani ya bustani, polepole, mpaka kwenye ua wa michongoma na kurudi. Mbwa akiketi, naye alisimama akamngoja. Kisha alimwekea posho, yaani ugali wa mahindi, iliyochanganywa na mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, kisahani kisichojaa, kwa sababu mtoto wa mbwa mkubwa akinenepeshwa upesi nyonga hushindwa kumbeba. Akimaliza alikwenda kwenye bomba la nyuma akanawa mikono mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini ilivyomfundisha juu ya mate ya mbwa. Mwaka huo wa sabini na tatu sabuni ilikuwa imeadimika Kampala nzima, lakini udongo ulikuwapo wa kutosha.

Alikuwa mwanamke wa Kibuli, wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani zama za mababu, na katika ukoo huo hakuna aliyewahi kufuga mbwa. Kilichomfikisha hapo ni mumewe. Bashir alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko la Nakasero, na Kapteni alilipenda duka hilo. Siku moja adhuhuri gari lisilo na namba lilisimama mlangoni, Bashir akatiwa kwenye buti mbele ya wateja, na jioni yake duka lilikuwa na kufuli jipya. Kiatu chake kimoja kilibaki kizingitini. Kulthum alikichukua akazunguka nacho kambi zote za mji, akafukuzwa kote, mwishowe akaenda kwa Kapteni mwenyewe. Kapteni alikuwa amehamia nyumba ya Mzungu mmoja aliyefukuzwa nchini, akairithi pamoja na mapazia, bwawa la kuogelea na mtoto wa mbwa, jamii ya wale wanaofugwa na wawindaji ili wawaokotee bata waliopigwa risasi.

"Hii mbwa nalia usiku yote," Kapteni alimwambia, kikombe cha chai mkononi. "Askari yangu najua kupiga teke tu. Wewe lea yeye. Siku mbwa nakuwa mkubwa, mimi naonyesha wewe bwana yako iko wapi."

Akacheka, na mkewe Fatumah akacheka pamoja naye. Kulthum alisema sawa. Sheikh wa mtaa alikwisha kumweleza hali yake: mke ambaye mumewe hajulikani aliko si mke wala si mjane. Hawezi kukaa eda, hawezi kumsomea mumewe hitima. Angoje.

Mbwa alipewa jina la Meja, kwa kuwa cheo hicho ndicho Kapteni alichokuwa akikililia. Hivyo mbwa alimtangulia bwana wake cheo, na askari wa getini walikuwa wakimpigia saluti, nusu kwa mzaha na nusu kwa tahadhari.

Wifi yake Nusura alimjia juu. Alisema malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa.

"Mbwa analala kwa Kapteni," Kulthum alimjibu. "Waache malaika waikimbie nyumba ile."

Otema, dereva wa Kapteni, koplo mrefu kutoka kaskazini, ndiye aliyemtoa gizani. Alimkuta nyuma ya jiko akiyachana manyoya ya mbwa, akavua kofia, akamwita kwa jina la binti yake.

"Mama Naila, hapana ngoja tena. Ile gari, mimi nilikuwa naendesha. Bwana yako iko msituni, barabara ya Jinja. Siku ile ile."

Kulthum hakulia. Alimaliza kumchana mbwa, akanawa mara saba. Alichokuwa nacho moyoni tangu saa ile kilikuwa chuki, safi, isiyochanganyika na kitu, na aliitunza kama mtu anavyotunza moto wa mkaa usizime usiku. Alitaka mambo mawili tu: amzike Bashir, na Kapteni amwone Bashir mbele ya watu.

Njia aliiona kwa sababu ya vitu alivyokuwa akileta Meja. Kwanza kilikuwa kifungo cha shati. Mbwa aliingia chini ya michongoma akatokea kabla chai haijapoa, kifungo ulimini, na kwenye kucha tope jekundu la msituni, ingawa msitu wenyewe uko mbali na hakuwa amewahi kuvuka geti. Baadaye alileta miwani, akaleta meno ya bandia, akaleta tasbihi. Kinywa chake kilikuwa laini, hakuacha alama ya jino popote. Apio, mpishi, alikuwa akivisuuza vitu hivyo na kuviweka kwenye beseni karibu na mlango wa jiko, na wafanyakazi wa nyumba za jirani walipita kuangalia kama kuna cha ndugu yao. Kadiri mbwa alivyokua, ndivyo mizigo ilivyokua. Alipofika magotini alileta koti. Alipofika mapajani alileta baiskeli, akiivuta kwa usukani.

Kulthum akaona kuwa mbwa huyu, akikomaa na miguu yake minne mizima, ataleta mtu.

Basi alikwenda kambi ya polisi ya Nsambya kumwona Oloya, askari aliyeishi na mbwa wa serikali maisha yake yote. Mkewe, Alanyo, alimpa mgeni kigoda na chai isiyo na sukari, akaomba radhi kwa sukari.

"Mbwa kubwa mfupa yake nachelewa," Oloya alisema. "Mwili nakimbia, mfupa nabaki nyuma. Ukikimbiza yeye na baiskeli, kwisha. Ukiacha yeye ruka ngazi, kwisha. Kwenye simenti, kidogo sana. Majani, sawa. Maji ni nzuri kabisa, maji nabeba yeye. Akisema nimechoka, wewe sikia."

"Mpaka lini, Afande?"

"Mwaka moja na nusu. Mama, una haraka?"

"Sina," Kulthum alisema, na ilikuwa kweli. Kulipiza kisasi kunataka mtu asiye na haraka.

Akamlea kwa kanuni hizo. Matembezi mafupi asubuhi, mafupi jioni, kamba ikiwa imelegea. Mchana alimwingiza kwenye bwawa la Mzungu, yeye mwenyewe akisimama ukingoni na kanga yake imefungwa kiunoni, mbwa akiogelea mpaka ulimi utoke. Ngazi za baraza alimshusha kwa mikono, hata alipokuwa mzito wa kuvunja mgongo, mate yakimtiririkia kifuani, kisha akaenda bombani kuanza tena moja mpaka saba. Askari walimcheka. Walisema mama huyu anampenda mbwa kuliko watoto wake. Hakumpenda, wakati huo. Alikuwa ananoa panga.

Jumapili moja mambo yalikaribia kuharibika. Kapteni alitoka na wageni, wamelewa, akasema leo Meja atakimbia nyuma ya Landrova mpaka Kololo. Otema alikwisha kuwasha gari. Mbwa alikuwa na miezi tisa, mwili mkubwa, mifupa bado michanga. Kulthum aliona kazi yote inakwenda na maji. Alijiweka kati ya mbwa na gari.

"Afande, huyu jina lake Meja. Akivunjika nyonga leo, kesho mji mzima utasema meja wa Kapteni ni kilema. Wakubwa wakisikia watacheka."

Kapteni aliwatupia wageni wake jicho. Alikuwa mtu wa kuogopa kuchekwa kuliko kuogopa Mungu. Akamwambia Otema azime gari.

Cheo kilitoka mwaka uliofuata. Hapa ataendelea kuitwa Kapteni, kwa kuwa Meja tunaye mmoja tu. Aliandaa karamu bustanini, saa za alasiri: mabalozi wachache waliobaki, maafisa na wake zao, bendi ya jeshi, mbuzi wa kuchoma. Kulthum alimleta mbwa, manyoya yakimetameta, akapita naye katikati ya meza. Akamnusisha kiatu cha Bashir.

"Lete," akasema.

Meja aliruka michongoma. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuruhusiwa kuruka, na alitua upande wa pili bila kuchechemea.

Alirudi magharibi, adhana ikisikika kutoka Kibuli. Alikuwa amemshika Bashir kwenye ukosi wa shati, kwa ulaini ule ule, akamburuta juu ya majani na kumlaza miguuni pa Kapteni. Kisha akaketi kitako, kama mbwa wa aina yake aketivyo akingoja kusifiwa. Bashir alikuwa na kiatu kimoja. Mikono ilifungwa nyuma kwa waya. Uso haukuwa umeharibika, ila alionekana kuchoka.

Bendi haikusimama. Balozi mmoja alisema huo ni uzao mzuri sana, hauna meno makali. Mke wa afisa mmoja alivuta kiti chake ili miguu ya Bashir ipate nafasi. Kulthum alingoja. Alikuwa ameyapanga maneno kinywani mwaka mzima na zaidi, na sasa alingoja tu Kapteni ageuke rangi.

Kapteni alipiga makofi.

"Mimi mwanaume ya neno moja!" aliwaambia wageni. "Nilisema mbwa nakua, bwana naonekana. Mbwa imekua. Bwana huyu hapa!"

Fatumah alipiga makofi, na wote wakapiga. Kulthum alisimama na maneno yake.

"Mama, sema asante," Fatumah alimwambia, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mtoto adabu. "Si unataka gari la kumpeleka?"

Maiti haibebwi kichwani kutoka Nakasero mpaka Kibuli. Kulthum alisema asante. Alilisema mbele ya watu wote wale, Kapteni akalipokea kwa kuinamisha kichwa, na Otema akaleta gari. Bashir alizikwa asubuhi. Sheikh aliridhika, na Kulthum akaingia eda, akakaa chumbani akimtukana Kapteni baada ya kila sala.

Habari zilimfikia huko huko. Meja aliendelea na kazi. Wanawake walifika getini na viatu vya waume zao, mbwa akanusa, akaruka, akaleta. Kapteni aliongeza viti bustanini. Redio ilimtaja kuwa afisa anayewasaidia wananchi. Hakuna aliyemuuliza nani anawapeleka watu msituni, na magari yasiyo na namba hayakupumzika, hivyo mbwa naye hakukosa kazi.

Kisha Otema alikuja. Alisimama nje ya mlango, kwa kuheshimu eda, akasema kupitia pazia.

"Mama Naila, wamechukua Afande. Cheo imekuwa kubwa, wengine hawakupenda."

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Mimi."

"Mmempeleka wapi?"

"Pale pale."

"Alilia?"

"Alilia. Aliita mama yake."

"Sema tena," Kulthum alisema, na Otema akasema tena. Kulthum alimshukuru Mungu kwa sauti, na hakuona haya. Usiku huo alilala usingizi wa mtu aliyeshiba.

Siku iliyofuata Meja alitembea mwenyewe kutoka Nakasero, akalala uani kwa Kulthum. Nusura alitaja malaika, akaona uso wa wifi yake, akarudi ndani. Na eda ilipokwisha, Fatumah naye akaja, peku, buti la Kapteni kifuani.

"Dada Kulthum, nimekwenda kwa sheikh. Anasema mimi si mke wala si mjane. Anasema ningoje."

"Basi ngoja."

"Nakuomba. Neno moja tu kwa mbwa. Nitasema asante, nitapiga magoti, utakavyo."

"Piga," Kulthum alisema.

Fatumah alipiga magoti kwenye tope la uani. Kulthum alimtazama mpaka aliporidhika, akaingia ndani akafunga mlango. Lakini Meja alikwisha kulinusa buti. Alisimama na uso wake kuelekea barabara ya Jinja, mwili wote ukitetemeka. Kulthum alitoka tena akamfunga kwenye nguzo kwa kamba fupi, kwa mara ya kwanza tangu mbwa azaliwe.

Tangu hapo hajaachwa bila kamba. Kulthum anajua vizuri kwamba akifunguliwa, wa kwanza kumleta atakuwa Kapteni, na Kapteni hatazikwa maadamu yeye yu hai. Humtembeza uani, kamba mkononi, na mbwa akigeuza uso mashariki, upande wa Jinja, humvuta nyuma. Nyumba ya Nakasero imepata kapteni mwingine. Otema anaendesha gari lile lile. Wanawake wanakuja Kibuli na viatu, wanapanga mstari ukutani, Fatumah akiwa miongoni mwao, na Kulthum huwarudisha wote.

Leo alasiri mstari ulikuwa mrefu. Mbele kabisa alikaa Alanyo wa Nsambya, mke wa Oloya, kiatu cheusi cha polisi mapajani. Walimchukua Oloya juzi, penye banda la mbwa. Alimnyoshea Kulthum kiatu kwa mikono miwili, naye Kulthum alikitazama, akamtazama mbwa, akaizungusha kamba mara moja zaidi kwenye kiganja.

"Kesho," alimwambia, kama alivyomwambia jana.